Roboti ya kumtunza mama: yeye mwenyewe anasemaje?

(Haya nilisema mbele ya watu mu sale ya parokia, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, kwenye wiki ya siku ya wazee. Wengi waliomba niandike, basi nimeandika karibu vile vile nilivyoongea.)

Jambo yenu ba papa, ba mama, ba yaya na ba ndugu wote, na nyinyi vijana wa informatiki mliosimama kule nyuma, sogeeni, viti viko huku mbele. Padri, asante kwa kutuachia sale. Wengi mnanijua, niko anfirmie, yaani mwuguzi, kazi yangu ni kuzunguka nyumba kwa nyumba, Kenya, Katuba, Kamalondo mpaka Ruashi, kupima tansio, yaani presha, kufunga vidonda, kunyoosha mkono wa mzee aliyepata AVC, yaani kiharusi, kukaa na wale ambao kichwa kimeanza kusahau. Tarehe 1 Oktoba dunia yote inafanya siku ya wazee, na mwaka huu vijana wameniomba niongee juu ya roboti, zile za kukaa na mzee nyumbani, kuongea naye, kumkumbusha dawa, kumbembeleza, juu wameona video mu simu na wanataka kujua kama ni kitu cha kweli.

Ni cha kweli. Ila wao waliuliza roboti inaweza kufanya nini, na mimi swali nimeligeuza, ninataka tuangalie mzee mwenyewe anafanya nini roboti ikiletwa mbele yake, juu hapo njo kuna mambo, na hayo mambo yanatuhusu ata kama hiyo mashine haitafika mu lupango yako, pale nyumbani, leo wala kesho.

Kwanza tutoe woga. Sisi Wakongomani roboti hatujaisikia kwa masimulizi tu. Mnakumbuka roboti za rulaji, za kuongoza magari barabarani, lile jitu la aluminiamu lenye taa, linazungusha mikono na kusimamisha magari? Zilianza Kinshasa mwaka 2013, kazi ya mama enjenieri Thérèse Izay na wanawake wenzake, moja ina karibu mita 2 na nusu na kilo 250, inatumia umeme wa jua, na baadaye zikashuka mpaka huku kwetu. Watu walisimama kushangaa, watoto wakapiga kelele, siku zikapita, watu wakazoea, dereva akasimama mbele yake bila kufikiri mara mbili. Na jirani zetu wa Rwanda mwezi wa 5 mwaka 2020, wakati wa corona, walipokea roboti 5 na wakazipa majina ya kwao, Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri, za kupima joto la watu na kupunguza daktari kumkaribia mgonjwa kila saa. Zilitoka kwa kampuni ya Ubelgiji inaitwa Zora Bots, ya mji wa Ostend, na hiyo kampuni kabla ya corona ilijulikana kwa kazi nyingine kabisa: ilichukua karoboti kadogo ka sentimeta 58 kanaitwa Nao, ikakawekea programu yake, kakaanza kuingia mu nyumba za wazee kule Ulaya, kanacheza dansi, kanawaongoza wazee waliokaa duara kwenye viti kunyanyua mikono. Kwa hiyo hii si hadithi ya mbali sana.

Kule wanazitafuta juu mikono imepungua. Japani, kwa watu 100, kama 29 wamefika miaka 65 na zaidi. Kongo ni kama 3 tu. Mtu atasema basi sisi hatuna shida hiyo, watoto wako tele. Wako, lakini wako wapi? Mmoja Kolwezi kwenye mgodi, mwingine Kasumbalesa mpakani anapitisha bidhaa, mwingine Ulaya anatuma pesa ya mwezi, na mama amebaki na kajukuu ka miaka 9 ambako nako asubuhi kanaenda masomo. Msidanganywe na kelele ya lupango, mzee anaweza kukaa katikati ya watu 12 na hakuna aliyemuuliza neno tangu asubuhi. Hilo ninaliona kila wiki na linaniuma.

Sasa niwaambie juu ya roboti moja inaitwa Paro, hapa nitakaa kidogo. Mjapani mmoja, Takanori Shibata, alianza kuitengeneza mwaka 1993. Ina umbo la mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini wa kule kwenye barafu ya Kanada, manyoya meupe, macho meusi makubwa, kilo karibu 2.7, yaani uzito wa kichanga kabisa, mama yeyote hapa akipewa mikono yake itajua yenyewe namna ya kumshika. Chini ya manyoya wameficha vitu vya kusikia mkono, sauti, mwanga, joto, na kujua kama amebebwa vizuri ao ameanguka. Ukimpapasa anafumba macho na kutoa kasauti, ukimpiga anaonyesha kuudhika, ukimwita jina moja kila siku analizoea. Ata chaji yake wameitengeneza kama chuchu ya plastiki ya mtoto, unamwekea mdomoni. Na kwa nini sili, si paka ao mbwa? Juu walijaribu paka na mbwa na watu wakaanza kulinganisha, paka wangu hakuwa hivi, mbwa wa kweli hafanyi hivi. Sili hakuna aliyemfuga nyumbani, hakuna wa kumkosoa. Mwaka 2009 Marekani ikampokea rasmi kama kifaa cha matibabu. Bei yake kule ni karibu dola 6000, hesabu fanyeni wenyewe.

Huyo Paro hafanyi kazi yoyote. Haleti maji, hakumbushi dawa, haongei, hatembei. Na bado mzee ambaye alikuwa anakaa kimya akiangalia ukuta anamweka kwenye mapaja, anamchana manyoya, anamuuliza kama amekula, anamwimbia, anamwonyesha jirani wa kiti cha pembeni na wale wawili ambao hawakuwa wanaongea wanaanza kuongea juu yake. Mnaona? Tulifikiri mzee anahitaji mashine ya kumtunza, kumbe moja ya mashine ambazo wazee wamezikumbatia zaidi ni ile inayoomba kutunzwa. Korea ya Kusini vilevile, kule serikali za miji zimegawia maelfu ya wazee wanaoishi peke yao mwanasesere anaitwa Hyodol, ana sauti ya mtoto mdogo, anamwambia bibi saa ya dawa imefika, na kama nyumba imekaa kimya muda mrefu habari inaenda kwa mtu wa huduma. Hicho cha dawa na habari njo walichokitengeneza wenye kampuni. Wazee wenyewe wamefanya nini? Wamewashonea hao wanasesere nguo, wanawafunika usiku.

Mimi nikisoma hayo sishangai hata kidogo, juu hapa Katuba nilimtembelea mama mmoja, mzee sana, kichwa kimeshasahau majina ya watoto wake, na kila nikifika ninamkuta amefunga mgongoni kitambaa cha kitenge alichokikunja vizuri, kimekazwa na kitenge kingine juu, anatembea polepole kwenye uwanja anakipigapiga kwa nyuma kama vile kunalala mtoto. Alikuwa anakula vizuri, analala vizuri. Watoto wake waliona haya, wageni watasema nini, mama amekuwa wazimu, ao watasema ni mambo ya uchawi, wakamnyang'anya. Wiki hiyo alizunguka nyumba yote anatafuta chini ya vitanda, akakataa bukari, yaani ugali, akakataa chai, akampiga mkwewe. Niliwaomba wamrudishie. Binti yake mkubwa akakileta mwenyewe, amekifua, akamwambia, "Mama, mtoto ameamuka, anakutafuta." Yule mama akapokea, akageuza mgongo ili binti amsaidie kufunga, akasema, "Mulikuwa mumemupeleka wapi bila kuniambia?" Na jioni akala.

Kwa hiyo msinitolee ile hoja ya kusema mzee Mwafrika hawezi kukubali kitu kisicho na uhai. Anakubali, kama kinampa nafasi ya kuwa mtu wa kufanya jambo. Na sisi tunafanya kinyume. Mama akihamia kwa mtoto wake, siku ya kwanza tu, kwa upendo kabisa, tunamnyang'anya kisu, tunamnyang'anya sufuria, ata kuchambua sombe tunamkataza, "Mama, we pumzika, kaa tu." Anakaa. Mwezi wa kwanza anakaa, mwezi wa pili anaanza kunyamaza, mwezi wa tatu mnaniita mnasema presha.

Sasa upande wa pili, wale wanaokataa. Kuna mtafiti wa Uholanzi, Louis Neven, mwaka 2010 aliandika juu ya wazee walioitwa kujaribu roboti mu laboratwari. Walikuja, walicheza nayo, walitoa mawazo, na wakasema ni kitu kizuri sana, ila kwa wengine, kwa wazee wale wapweke, wagonjwa, si kwangu mimi. Na hao wanaosema hivyo ni wazee! Watu wa teknolojia wakisikia hilo wanasema mzee anaogopa mashine, tumfundishe. Si kweli. Mzee hakatai mashine, anakataa maneno ambayo mashine inayasema juu yake mbele ya watu: kwamba huyu amekwisha, hana mtu, anatunzwa na plastiki. Nisikilizeni hapa, hili njo lililonileta leo. Mwenzake wa kule kule Uholanzi, Marcel Heerink, naye mwaka 2010 alitoa namna ya kupima kama mzee ataipokea roboti ao hapana, na mu vitu alivyoviweka kuna faida anayoiona, kuna raha ya kuitumia, kuna imani, kuna woga, na kuna hili: watu walio karibu naye wanasemaje. Macho ya watu.

Kamalondo kuna papa mmoja, zamani fundi wa mashine za mgodi, mtoto wake alimletea kipima tansio kinachoongea, unakifunga mkononi kinajivimbisha halafu kinatangaza namba kwa Kifaransa kwa sauti ya dada. Siku ya kwanza papa alifurahi sana, akavaa miwani, akafungua mahali pa bateri, akaniuliza pampu iko wapi, hewa inatokea wapi, akataka tukifungue na bisibisi, nikamwomba tusikifungue. Kila asubuhi anajipima mwenyewe, anaandika kwa kalamu kwenye daftari. Halafu Jumapili moja wageni wamejaa, mtoto wake akakileta mbele ya wote, akamfunga papa mkono bila kumuuliza, kile kifaa kikatangaza namba kwa sauti, na mtoto akaanza kumgombeza papa juu ya chumvi mbele ya bakwe. Tangu siku hiyo kifaa kimelala mu kabati. Mtoto anasema, "Papa hapendi mambo ya kisasa." Mzee aliyetengeneza mashine miaka yote ya kazi yake!

Sasa mtaniuliza, lakini zinasaidia kweli ao ni biashara? Nitasema ninayoyajua. Utafiti mkubwa juu ya Paro ulifanyika Queensland, Australia, ukaongozwa na Wendy Moyle, ulitoka mwaka 2017, wazee 415 wenye ugonjwa wa kusahau, mu nyumba 28 za wazee. Waliwagawa mafungu matatu: wengine walipewa Paro anayefanya kazi, wengine Paro huyo huyo lakini amezimwa, yaani mwanasesere tu wa manyoya, wengine hawakupewa kitu. Wenye Paro aliyewashwa waliangalia zaidi, waliongea zaidi. Lakini kwenye ile hali ya kuhangaika na kutotulia, aliyewashwa hakumshinda sana aliyezimwa, tofauti ilionekana zaidi ukilinganisha na wale wasiopewa kitu. Mimi nikifikiria kile kitambaa cha Katuba ninasema, dola 6000 hizo, sehemu kubwa ya kazi inafanywa na mikono ya mzee mwenyewe.

Kuna roboti Pepper pia, ile nyeupe ya kampuni ya SoftBank ya Japani iliyotoka mwaka 2014, ina sentimeta 120, magurudumu chini, kioo kifuani. Mradi mmoja wa Ulaya na Japani unaitwa CARESSES, ulioanza mwaka 2017, na ndani yake kuna mwenzetu mwuguzi Irena Papadopoulos wa London, waliifundisha Pepper kwanza ijue utamaduni wa mzee, inamsalimia namna gani, inamuuliza juu ya sikukuu gani, halafu wakaipeleka mu nyumba za wazee Uingereza na Japani. Hali ya moyo ilipanda, upweke ulishuka kidogo tu. Hilo la utamaduni ninyi vijana lishikeni sana, juu mashine nyingi zinazoongea leo mzee wa Lubumbashi akizisalimia Kiswahili chake hazimsikii, zinamwomba arudie, anarudia, zinamwomba tena, na hakuna mzee atakayevumilia kuombwa mara tatu na kitu.

Na kuna upande ambao video hazionyeshi. Mwingereza James Wright alikaa mu nyumba ya wazee Japani akaangalia roboti zinavyotumiwa siku kwa siku. Ile ya kunyanyua wagonjwa wafanyakazi waliiacha haraka, ni nzito, inakula muda. Pepper akiongoza mazoezi ilibidi mfanyakazi asimame pembeni yake na kurudia yote ili wazee wafuate. Paro, mama mmoja alikuwa anajaribu kumchuna manyoya, mwingine akashikamana naye mpaka hataki kula wala kulala bila yeye. Maana yake kazi haikupungua, iliongezeka, juu lazima kuwe na mtu wa kuisogeza, kuichaji, kuifuta, kuangalia mzee amefikia wapi nayo. New York, tangu mwaka 2022, ofisi ya wazee ya jimbo iligawia zaidi ya wazee 800 kifaa cha mezani kinaitwa ElliQ, kinaanzisha maongezi chenyewe, na walitangaza kwamba upweke umepungua sana. Ninapokea, sina sababu ya kukataa. Ila tukumbuke anayetangaza ni yule yule aliyegawa.

Jambo la udanganyifu, ba papa wengi mmeniuliza kabla hatujaanza: si ni dhambi kumfanya mzee aamini kitu kinampenda? Kule Australia Robert Sparrow na Linda Sparrow waliandika mwaka 2006 maneno makali kabisa, kwamba kumpa mzee roboti badala ya mtu ni kumdanganya na kumvunjia heshima. Mimi ninakubaliana nao nusu. Yule mama wa Katuba hakuna aliyemdanganya, alichagua kitambaa chake mwenyewe, na binti yake aliingia mu mchezo wa mama yake akiwa amesimama pale, mkono kwa mkono. Udanganyifu unaanza pale ambapo kitu kinawekwa ili binti asije. Hapo ata kama mzee anacheka, sisi wenye nyumba tunajua tumefanya nini. Na ile kamera na ile maikro ndani ya hizo mashine, zinazosikiliza mchana na usiku, mzee hajaambiwa, hilo mimi naliita kuingia mu chumba cha mzee bila kubisha hodi, na kwetu ata mtoto mdogo anajua hilo halifanywi.

Kijana mmoja hapa ameniuliza mapema, kama kesho watu wa mradi wanatuletea roboti za bure, tupokee? Kabla ya kupokea tukae tuulizane. Mzee mwenyewe ameulizwa, peke yake, bila watoto kumkodolea macho, na akisema hapana jibu lake litabaki hapana? Nani atakaa pembeni yake wiki za kwanza? Nani atachaji siku umeme unapokosekana tangu asubuhi? Yale inayoyasikia inayapeleka wapi? Na mradi ukiisha, mzee ameshazoea, ameipa jina, nani ana haki ya kuja kuinyang'anya? Hili la mwisho ninalikazia kabisa, juu nimeona mama akitafuta chini ya vitanda.

Na nyinyi vijana mnaotaka kutengeneza programu ya kukumbusha dawa kwa Kiswahili chetu, ninawatia moyo kwa nguvu zote, fanyeni, inahitajika, mzee wa tansio akisahau dawa siku tatu ninampata ameanguka. Lakini msianzie mu ordinateri. Jumanne ninapita Katuba asubuhi na mapema, kuna familia tano zimekubali tuingie, wazee wenyewe wamekubali, niliwauliza. Mtakaa nao, mtachambua maharagi nao, mtawaacha waongee, simu mtaziacha mfukoni mpaka mzee aombe kuziona. Yule papa wa Kamalondo naye amesema mje kwake, ana maswali juu ya bateri. Wanaotaka kuja wabaki baada ya sala, Mama Présidente ana daftari pale mlangoni, mwandike majina na kartie mnayokaa ili nipange nani anaenda wapi.